Walimu Wanafunzi na Utawala wa Darasa

Haya ni maneno ya hotuba aliyoitoa mkufunzi mmoja wa chuo cha ualimu mbele ya wenyeviti wa vijiji, watendaji wa kata, walimu wakuu na wazee, kabla ya wanachuo kupelekwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Tunaichapa kwa kuwa wengi ambao hawakuweza kufika wameomba kuisoma.

Mabwana Wenyeviti, Watendaji, Walimu Wakuu, wazee wangu na ndugu zangu,

Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema nanyi kabla ya mvua kuanza na kila mtu kushika jembe lake. Sikuja kuomba fedha, wala sikuja kuomba bati za kuezekea. Nimekuja kusema juu ya vijana ambao chuo chetu kitawaleta katika shule zenu, na juu ya jambo moja ambalo halimo katika vitabu wanavyovibeba, yaani nguvu tunayomtia kijana mkononi tunapomsimamisha mbele ya watoto themanini na kuwaambia, "Huyu ni mwalimu wenu."

Mnawajua vijana hao. Huja na sanduku moja, godoro lililofungwa kamba, na viatu vilivyopigwa rangi sana. Umri wao ni miaka ishirini, ishirini na miwili hivi. Juzi tu walikuwa wakisimama gwaride wakisubiri kuitwa majina, na leo wao ndio waitao majina. Akipelekwa shule ya sekondari, huenda akakuta katika Kidato cha Nne kijana anayemzidi urefu, na pengine wamepishana umri kwa miaka mitatu tu. Akipelekwa shule ya msingi, atakuta watoto watano wamebanana juu ya dawati la watatu, na wengine wameketi chini karibu na mlango. Hapo ndipo tunapomwambia afundishe.

Kijana huyo ana hofu. Napenda neno hilo likae masikioni mwenu, maana walio wengi humwona ameinua kidevu na kupaza sauti, wakadhani ni kiburi. Anaogopa mambo matatu: watoto wasimcheke, walimu wenyeji wasimdharau, na mkufunzi asimkute darasani kuna kelele siku ya kumpima. Hofu ya kwanza huisha katika juma moja au mawili. Ya tatu huja siku chache tu. Lakini hofu ya pili hukaa naye kutwa, maana mwalimu mwenyeji apitaye dirishani na kutikisa kichwa kwa sababu ya kelele humtisha kuliko mkufunzi mwenye karatasi zake. Na dawa anayoonyeshwa ni moja tu. Siku ya kwanza, katika ofisi ya walimu, mtu humpa chaki, humpa kitabu cha kiada, kisha humpa fimbo. "Hawa watoto wa hapa, Mwalimu, bila hii hawaendi." Maneno hayo nimeyasikia katika shule nyingi mno, karibu kwa herufi zile zile, hata nikadhani yamepigwa chapa mahali na kugawanywa.

Sasa na tutazame sheria inasema nini, kwa kuwa nyote hapa ni watu wa sheria kwa namna moja au nyingine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimpa Waziri uwezo wa kuweka kanuni juu ya adhabu ya viboko. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu viboko visivyozidi sita. Kanuni za mwaka 2002 zikavipunguza visizidi vinne. Mwenye ruhusa ya kuchapa ni mkuu wa shule mwenyewe, au mwalimu ambaye mkuu huyo amempa ruhusa kwa maandishi. Adhabu hiyo ni ya kosa kubwa, nayo lazima ipimwe kwa umri wa mtoto na afya yake. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, ila ikiwa shule haina mwalimu wa kike. Na kila mara inapotolewa, iandikwe katika kitabu: jina la mtoto, kosa lake, idadi ya viboko, na jina la aliyechapa.

Majirani zetu wamekwenda mbali kuliko sisi. Kenya iliondoa viboko mashuleni mwaka 2001, na Uganda ilivipiga marufuku kwa sheria mwaka 2016. Shule zao hazikufungwa kwa ajili hiyo, ingawa hapana asiyejua kwamba huko nako zipo fimbo zinazofichwa. Mimi nina shauri langu juu ya jambo hilo, na anayetaka kulisikia nitamwambia tukinywa chai. Leo naichukua sheria yetu kama ilivyo. Hata kama ilivyo, mwalimu mwanafunzi hayumo ndani yake. Yeye hana barua ya kuajiriwa, wala hajakabidhiwa madaraka ya shule. Kushindwa hesabu ya kugawanya si kosa kubwa, wala kucheka darasani si kosa kubwa. Na sijapata bado kukiona kitabu cha adhabu ambacho jina la mwalimu mwanafunzi limeandikwa humo pamoja na ruhusa aliyopewa. Kwa hiyo fimbo ile anayopewa siku ya kwanza pamoja na chaki ni kitu ambacho mpaji hana haki ya kukitoa, wala mpokeaji hana haki ya kukipokea.

Mnakumbuka mambo ya Mbeya. Mwezi wa Oktoba, 2016, nchi nzima iliona katika simu picha za video zilizochukuliwa ndani ya ofisi ya walimu ya shule moja ya sekondari ya kutwa mjini Mbeya. Kijana wa Kidato cha Tatu alikuwa akipigwa na wanaume kadhaa kwa pamoja, kwa mikono, kwa mateke na kwa fimbo. Waliompiga walikuwa walimu wanafunzi, waliofika pale kwa mazoezi ya kufundisha. Haukupita muda Serikali ikatangaza kwamba wamefukuzwa vyuoni, na mkuu wa shule akavuliwa madaraka kwa kuwa habari ile haikutoka kwake. Watu wengi walisema wakati ule, "Vijana wa siku hizi wana roho mbaya," wakaridhika kwa jibu hilo. Mimi sikuridhika nalo. Kijana hafiki katika shule ya watu, mahali alipo mgeni, akaanza kumpiga mtoto katika ofisi ya wenyeji, kama hakuona kwamba jambo hilo linawezekana hapo. Mgeni hutazama wenyeji wanavyokula, naye akala vivyo hivyo.

Nataka kuwasimulieni jambo nililoliona kwa macho yangu, wala shule yenyewe sitaitaja. Nilikwenda kumpima mwanachuo wetu mmoja katika Darasa la Tano. Nikaketi nyuma, kama ilivyo desturi. Darasa lilikuwa limetulia kama maji ya mtungi. Watoto walinyoosha mikono kwa zamu, wakajibu, wakaketi. Nami nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika alama nzuri, nikaona macho ya watoto hayamtazami mwalimu wala ubao. Kila mara yalikwenda kwenye dirisha la pili upande wa kushoto, yakarudi. Kipindi kilipokwisha nikainuka nikatazama. Juu ya ukingo wa dirisha, nyuma ya ramani iliyokunjwa, palikuwa na bakora. Darasa lile lilikuwa likitawaliwa na dirisha. Nikamwuliza kijana, somo lilikuwa juu ya nini? Akanijibu vizuri. Nikamwita mtoto mmoja nje, kwa upole, nikamwuliza vilevile, somo lilikuwa juu ya nini? Akanijibu, "Tulikuwa tunanyamaza."

Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven, walizigawa nguvu ambazo mtu huwa nazo juu ya mwenzake katika mafungu matano. Ipo nguvu ya kuadhibu. Ipo nguvu ya kutoa zawadi. Ipo nguvu ya cheo. Ipo nguvu ya ujuzi. Na ipo nguvu ya kupendwa hata watu wakataka kukuiga. Wataalamu hao hawakuwa wakifikiri juu ya shule zetu, lakini mgawanyo wao watufaa sana. Mtazameni kijana wetu siku ya kwanza. Cheo chake ni cha kuazima, na watoto wanajua, maana wamewaona wengine kama yeye wakija na kuondoka. Zawadi hana, mfuko wake mwenyewe ni mtupu. Kupendwa bado, hawamjui. Ujuzi anao kidogo, na hofu humnyang'anya hata huo kidogo. Basi lililobaki ni moja tu, nalo linakua bure porini na kukatwa kwa panga. Kwa sababu hiyo huishika fimbo. Na akiishika mwezi mzima, zile nguvu nyingine nne hazimkulii tena, kwa kuwa hazihitaji.

Kazi ya chuo, na kazi ya shule inayompokea, ni kuzikuza zile nne upesi iwezekanavyo. Na iliyo karibu kuliko zote ni ujuzi. Sisemi ujuzi mkubwa wa chuo kikuu. Nasema kwamba kijana aliyeandika andalio lake la somo jana usiku, akalifanya yeye mwenyewe lile zoezi atakalowapa watoto, akaona ni wapi litawatega, huyo huingia darasani na miguu mizito. Aliyeandika andalio asubuhi chini ya mwembe huku kengele ikilia, huyo ataitaka fimbo kabla ya dakika kumi.

Mtaalamu mwingine wa Marekani, Jacob Kounin, alifanya kazi ambayo naipenda kuliko nyingine zote katika habari hii. Alitia madarasa mengi katika picha za kamera, akayachunguza, na mwaka 1970 akayaandika kitabuni aliyoyaona. Alitaka kujua walimu wenye madarasa tulivu hukemea namna gani, ili wengine wafundishwe kukemea vivyo hivyo. Akakuta kwamba katika kukemea hapakuwa na tofauti kubwa. Wenye madarasa tulivu na wenye madarasa ya fujo walikemea karibu sawasawa. Tofauti ilikuwa kabla ya kosa. Mwalimu wa darasa tulivu alionyesha watoto kwamba anaona kila pembe ya chumba. Aliweza kumsaidia mtoto mmoja bila kuwaacha wengine. Alitoka katika jambo moja kwenda jingine bila kukatika, wala hakuacha nafasi tupu ambamo kelele huota kama magugu.

Nafasi tupu! Hilo ndilo ninalowaombeni walimu wakuu mlitazame. Simameni siku moja nje ya dirisha la mwalimu mwanafunzi, mhesabu dakika. Ameingia, hajaandika tarehe ubaoni. Anatafuta chaki. Anawapa watoto kisogo, anaandika mistari kumi na miwili huku themanini nyuma yake hawana la kufanya. Anageuka, anakuta wawili wanasukumana, anawaita mbele. Dakika saba zimekwenda katika kuwachapa. Mtoto mdogo wa Darasa la Tatu, akikaa dakika kumi bila kazi mkononi, atafanya nini? Mtu mzima katika baraza hili, mwenyekiti akichelewa dakika kumi, je, twanyamaza? Dawa ya dakika zile ni nyepesi: swali moja liwe limekwisha kuandikwa ubaoni kabla ya watoto kuingia, na mwalimu ajifunze kuandika akisimama ubavu, jicho moja likiwa kwa watoto. Hayo hayahitaji fedha za Halmashauri.

Tena liko jambo la kusubiri jibu. Mwanamke mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akaona kwamba kwa kawaida haufiki hata sekunde mbili. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu, majibu yakawa marefu zaidi, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Sekunde tatu si nyingi, lakini kwa mwalimu mwenye hofu ni kama juma zima. Huuliza, huona kimya, hudhani amedharauliwa. Na katika shule za sekondari, ambako masomo ni kwa Kiingereza, kimya hicho mara nyingi hakitokani na dharau wala uvivu. Mtoto wa Kidato cha Kwanza, aliyesoma miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, husikia swali, hulitafsiri kichwani, hutafuta jibu, kisha hulitafutia maneno ya kigeni. Kabla hajamaliza safari hiyo amekwisha kuambiwa ni mjinga, au amekwisha kusimamishwa juu ya kiti. Kumwadhibu mtoto kwa jibu asilolijua ni jambo ambalo hakuna kanuni yetu yoyote iliyoliruhusu wakati wowote.

Yapo matumizi mengine ya nguvu ambayo hayana alama mgongoni, na hayo vijana huyajifunza upesi wakiona fimbo inakatazwa. Mwanachuo amepanga chumba kijijini, na maji yako mbali. Asubuhi utaona watoto wanne wana ndoo vichwani, wanaelekea kwake. Ukiuliza, huambiwa ni adhabu ya kuchelewa. Mwingine huwapeleka watoto kulima shamba la shule, au kung'oa visiki, wakati wenzao wanasoma hesabu. Kisha sisi wazee twashangaa kwamba vijana wakimaliza shule hawataki kushika jembe. Nani angelipenda jembe, kama miaka saba aliliona likitolewa stoo kwa ajili ya wakosaji tu? Hilo huniudhi mimi, mtoto wa mkulima, kuliko hata viboko, na wazee waliopo hapa naona wanatikisa vichwa.

Na sasa nasema neno ambalo ni zito, na wazazi wenye mabinti mtanisamehe. Iko nguvu ya upendeleo. Mwalimu mwanafunzi wa kiume ambaye hachapi mtu, anayecheka na wote, anayejua nyimbo zote mpya, wazazi humsifu. Wengi wao wanastahili sifa hiyo. Lakini mmoja humtuma msichana yule yule kila siku kumpelekea madaftari chumbani kwake, humwongezea alama, humwita jina la utani. Mtoto hawezi kumkatalia, kwa sababu aliye mbele yake ni mwalimu. Sheria yetu ya Elimu, ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2016, iliweka kifungo cha miaka thelathini kwa mwanaume ampaye mimba mwanafunzi. Tusingojee mpaka huko. Madaftari yakaguliwe shuleni, yabaki shuleni, na asitumwe mtoto yeyote nyumbani kwa mwalimu, wa kiume wala wa kike. Mwanachuo wa chuo chetu anayakuta maneno hayo katika barua yake, naye ametia sahihi.

Najua wazee wengine wamekwisha kunijibu moyoni. Watasema: samaki mkunje angali mbichi, na mchelea mwana kulia, hulia yeye. Watasema pia, sisi tulipigwa, nasi tumekuwa watu. Methali hizo nazikubali. Lakini methali ile ya samaki imesema mkunje, haikusema mvunje. Na juu ya wale waliopigwa wakawa watu, nawaombeni mkumbuke kwamba hapa barazani wamekuja waliobaki shuleni. Yule aliyekimbia Darasa la Nne kwa kuogopa fimbo ya hesabu hakualikwa. Yuko machungani, au yuko mjini anasukuma mkokoteni, wala hakuna anayemwuliza ushahidi wake. Tena wengine husema fimbo ndiyo desturi yetu ya kale. Wazee wa wazee wetu walikuwa na malezi yao makali, ya jando na unyago, na makosa yalikuwa na adhabu zake. Lakini mtu kusimamishwa mbele ya kundi akahesabiwa viboko kwa amri ya mwenye cheo, hayo walipoyaona kwa Wadachi waliyaona ni mageni hata wakawapa jina, wakawaita watu wa hamsa ishirini, kwa vile viboko ishirini na vitano. Jina hilo halikuwa la kuwasifu.

Niwaonyeshe sasa kwamba kuacha fimbo si kuwaachia watoto wafanye wapendavyo. Mwanachuo mmoja wa kike aliletwa shule ya kijiji chenye mto katikati. Alipewa Darasa la Sita, na pamoja nalo akapewa habari kwamba watoto wanane ni sugu wa kuchelewa na kwamba hupigwa kila Jumatatu. Yeye hakuwapiga, wala hakuwaachilia. Alichukua daftari la kurasa arobaini, akapiga mistari, akaandika kila siku nani amechelewa na kwa dakika ngapi, na kila aliyechelewa alibaki saa ya mapumziko akamaliza zoezi lililompita, yeye mwenyewe mwalimu akiketi naye. Ukali ulikuwapo, mtoto hapendi kukosa mapumziko. Baada ya majuma matatu akalitazama daftari, akaona jambo ambalo shule haikuliona mwaka mzima. Kati ya wale wanane, sita walitoka kitongoji kimoja, ng'ambo ya mto, nao walichelewa siku zilizofuata usiku wa mvua, karibu bila kukosa. Siku kavu walikuwa miongoni mwa wa kwanza. Gogo la kuvukia lilikuwa likifunikwa na maji, na watoto walikuwa wakizunguka hata kivuko cha ng'ombe.

Alilipeleka daftari kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akalipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Wanaume wa kitongoji kile waliweka magogo mawili juu zaidi, wakayafunga kwa kamba na kutia mkono wa kushikia. Kazi ilikuwa ya siku moja na nusu. Waliobaki wachelewaji ni wawili, na hao walikuwa wavivu wa kweli, kama watoto wa watu wote. Adhabu ya mapumziko iliwatosha. Nafikiri sana juu ya viboko vya Jumatatu vilivyopigwa mwaka mzima kwa ajili ya mto.

Mtaniuliza, basi mwataka tufanye nini? Mengine ni ya chuo, nasi twayafanya. Zamani, wakati wa mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002, mwanachuo alikaa chuoni mwaka mmoja na mwaka wa pili aliumalizia mashuleni, kwa kuwa watoto walikuwa wengi na walimu wachache. Wengi waliachwa peke yao na madarasa makubwa kama walimu kamili, wakajifunza utawala wa darasa kwa kukisia. Hatutaki hayo yarudi kwa mlango wa nyuma, yaani mwenye darasa kwenda shambani kwake kwa kuwa "mwanafunzi wa chuo yupo."

Kwa hiyo naomba kila mwanachuo apewe mwalimu mlezi, mwenye jina, naye akae darasani pamoja naye juma la kwanza lote, na angalau vipindi viwili kila juma baadaye. Mlezi asichaguliwe kwa ukubwa wa cheo. Achaguliwe yule ambaye darasa lake hutulia hali ameshika chaki tu. Kila shule ina mmoja wa namna hiyo, mara nyingi ni mwanamke wa madarasa ya chini ambaye hakuna anayemsifu. Naomba pia kijana apewe orodha ya majina siku atakayofika, si juma la pili. Mwalimu anayeweza kusema, "Wewe Neema, rudi mahali pako," ana nguvu ambayo mwalimu anayesema, "Wewe mwenye shati lililochanika," hawezi kuwa nayo, na tena huyo wa pili ametukana umaskini wa mtu. Walimu wakuu, siku ile ya gwaride mnapomtambulisha, msiwatishe watoto kwa jina lake. Semeni anaitwa nani, anatoka wapi, atafundisha nini, na kwamba mwenye neno juu yake aje kwa mkuu. Kitabu cha adhabu mwonyesheni, asome kanuni zilizobandikwa mbele yake, ajue kwamba kalamu ya kitabu kile si yake.

Na ninyi Wenyeviti, mlango wenu nao uwe wazi. Mtoto akija nyumbani na uvimbe mkononi, mzazi asiende shuleni na panga, na asinyamaze pia. Aende kwa mwalimu mkuu, naye apewe jibu la maandishi. Asipolipata, aje kwa Mtendaji wa Kata, na chuo kiandikiwe. Barua ya namna hiyo hatuitupi. Mwanachuo anaweza kurudishwa, na wamepata kurudishwa.

Wanachuo watafika Jumatatu ya kwanza baada ya shule kufunguliwa. Majina na masomo yao nimemwachia Bwana Mratibu wa Elimu wa Kata, na yeyote anayetaka kuyanakili anaweza. Sasa naketi, nipate kuyasikia maswali yenu. Nimeambiwa kwamba Mama Mwenyekiti wa kitongoji cha juu ana neno juu ya vyumba vya kulala vya wanachuo wa kike, kwamba kimoja hakina komeo. Naona neno hilo litangulie.